Tangawizi ilinisaidia wiki ya kwanza, ya tatu ikaniunguza hadi kooni. Ni dawa inafanya kazi au inanimaliza?

Jani Bichi – #1
Wakuu, salaam.

Nina miezi minane tumbo langu halieleweki. Linajaa gesi, nikila vijiko vitano nimeshiba, na hapa chini ya kifua panaungua kama kuna mtu kasahau kaa la moto. Mwezi uliopita nikaanza tangawizi. Naponda kipande kinacholingana na kidole gumba, nachemsha hadi maji yawe na rangi ya majani makavu, nakunywa alfajiri kabla sijatia kitu kingine mdomoni.

Wiki ya kwanza nilijiona nimezaliwa upya, nikaanza hadi kuwahubiria wenzangu. Wiki ya tatu moto ukapanda. Sasa unafika kooni, usiku nashtuka na maji machungu mdomoni. Nikaacha tangawizi nikahamia mnanaa. Ndiyo kwanza mambo yakaharibika, hasa nikishalala chali.

Aliyenielekeza anasema nivumilie, eti hiyo ni sumu inatoka na tumbo linajisafisha. Nauliza kwa wanaojua: huku ni kupona au kuungua?

Kijiko Kimoja – #2
Nimekaa pale. Ngoja waje wenye matumbo yao.

Mpiga Zumari – #3
Mkuu, vumilia. Dawa ya asili haifanyi kazi kama kidonge. Inakwenda kwenye mzizi wa tatizo, inalichokoza, ndipo unapona. Mimi nilipoanza kutumia habasoda wiki mbili nzima nilikuwa na kichefuchefu, leo nakula chochote. Wengi wanakata tamaa hatua mbili kabla ya kufika.

Bwana Hoja – #4
#3, hiyo sumu inaitwaje? Itaje jina tu. Ini na figo zinatoa taka usiku na mchana bila kumchoma mtu koo. Hoja ya "vumilia inafanya kazi" ina tatizo moja: ukipona, dawa imeshinda, ukiumwa zaidi, dawa bado inashinda. Hapo dawa itashindwa lini?

Nesi Mstaafu – #5
Mleta uzi, pole mwanangu. Ngoja nikueleze kinachotokea hapo juu.

Kati ya umio, ile njia ya chakula kutoka kooni, na mfuko wa chakula kuna msuli wa mduara. Kazi yake ni kufunguka chakula kipite, kisha kufunga ili asidi isirudi. Mnanaa una mentholi, na mentholi hulegeza misuli laini. Hailegezi ule unaoutaka wewe peke yake. Ikipita pale juu inaulegeza na huo mlango. Ukilala chali asidi haina kilima cha kupanda, inateleza tu hadi kooni. Yale maji machungu ya usiku ndiyo hayo.

Tangawizi nayo, ukiinywa kali na tumbo tupu, kiungulia ni moja ya malalamiko yake ya kawaida kabisa. Hakuna sumu inayotoka hapo.

Mpiga Zumari – #6
Dada nesi, kwa heshima zote, mbona basi mnanaa unasifiwa kila mahali kuwa ni dawa ya tumbo? Wote hao wanadanganya?

Nesi Mstaafu – #7
Hawadanganyi. "Tumbo" ndilo neno linalotudanganya sote. Tunalitumia kwa umio, mfuko wa chakula, utumbo mwembamba, utumbo mpana, nyongo, hadi kibofu. Mtu mwenye utumbo unaosokota, tumbo linajaa, choo leo kigumu kesho laini, mafuta ya mnanaa yanamsaidia kweli. Mwaka 2021 chama cha madaktari wa tumbo cha Marekani kiliyapendekeza, japo kwa sauti ya chini, kwa wenye utumbo wa namna hiyo. Lakini yale yanayotumika kitabibu mara nyingi huwekwa kwenye kapsuli yenye ganda lisiloyeyuka mfukoni, likafungukie utumboni. Ganda hilo lipo ili mnanaa upite mlango wa juu bila kuugusa. Wewe umeunywa kwenye kikombe, umeugusa.

Kimya Kingi – #8
Swali moja kwa mleta uzi. Ile wiki ya kwanza uliyozaliwa upya, kilichopungua ni gesi na kushiba haraka, au ni moto?

Jani Bichi – #9
#8 umenifanya nikae nifikiri. Gesi na kushiba. Moto ulikuwepo ila nilikuwa na furaha sikuujali.

Kimya Kingi – #10
Basi tangawizi ilifanya kazi yake. Inasaidia mfuko wa chakula kujimwaga haraka kuelekea utumboni, na inatuliza kichefuchefu. Majaribio mengi ya kichefuchefu yalitumia kama gramu 1 ya unga wake kwa siku nzima, ikigawanywa. Wewe ulikuwa unachemsha kidole gumba kizima, tumbo tupu, kila siku. Imekusaidia ugonjwa mmoja ikauchokoza mwingine.

Fundi Saa – #11
Mnazunguka mbuyu. Kuungua miezi minane ni H. pylori hadi ithibitike vinginevyo. Yule daktari wa Australia, Barry Marshall, alikunywa kikombe cha hao bakteria mwaka 1994 kwa sababu hakuna aliyemwamini, akapata vidonda vya tumbo, akajitibu, mwaka uliofuata akapewa Nobel. Kabla yake dunia nzima ilikuwa inasema vidonda vinaletwa na mawazo na pilipili. Unaweza kuchemsha msitu mzima, bakteria yupo pale kajibanza chini ya ute anakuangalia tu.

Bwana Hoja – #12
Fundi, saa zako zinachelewa miaka kumi. Alikunywa mwaka 1984. Hakupata vidonda, alipata uvimbe wa ukuta wa tumbo ndani ya siku chache, na kutapika. Nobel ilikuja 2005, akiwa na mwenzake Robin Warren aliyewaona hao bakteria kwenye darubini. Hapo kwenye ute ndipo uko sawa.

Fundi Saa – #13
Sawa mwalimu, nimesahihishwa. Hoja yangu inabaki: akapime.

Mama Pacha – #14
Wenzangu mimi nina kisa cha urukususu, na mleta uzi naomba ukisome kabla hujahamia huko maana najua kuna mtu atakushauri.

Niliambiwa mzizi wa urukususu unafunika vidonda. Nikawa naloweka usiku, asubuhi nakunywa maji yake matamu, kiungulia kikatulia kweli, sisemi uongo. Mwezi wa pili nikaona soksi zinaacha alama nzito kwenye vifundo, ukibonyeza kidole kinabaki shimo. Kichwa kizito. Miguu ikawa inakaza usiku hadi namwamsha mume wangu aninyooshe. Kupima presha, 168 kwa 102, na mimi maisha yangu yote nina presha ya mtoto. Daktari akaniuliza dawa ninazotumia, nikajibu "situmii dawa". Kwa sababu kichwani mwangu urukususu haukuwa dawa! Ulikuwa mzizi. Vipimo vikaonyesha potasiamu imeshuka. Niliacha, wiki chache presha ikarudi.

Mfamasia Zamu – #15
Nakazia #14. Ndani ya urukususu kuna kitu kinaitwa glisirizini. Kinazuia kimeng'enya kinachozimisha homoni ya kotisoli kwenye figo, mwili unashika chumvi na maji, unamwaga potasiamu. Presha inapanda na misuli inakaza, kama alivyoeleza dada. Ipo aina iliyoondolewa glisirizini, hiyo ina nafuu. Na kwa wanaodharau mitishamba: miaka ya 1960 madaktari walikuwa wanatibu vidonda vya tumbo kwa dawa iliyotengenezwa kutokana na urukususu, kabenoksoloni. Iliponya wengine. Madhara yake yalikuwa yaleyale ya dada Mama Pacha.

Mpiga Zumari – #16
Kumbe iliponya!! Asante mfamasia, umeniokoa.

Mfamasia Zamu – #17
Soma sentensi ya mwisho pia mkuu.

Mzee wa Kona – #18
Vijana mnahangaika. Juisi ya kabichi mbichi. Ina vitamini U, na U ni herufi ya kwanza ya neno la Kiingereza la kidonda. Imethibitishwa na daktari wa Marekani tangu 1949. Lita moja kwa siku na vidonda vinafunga.

Bwana Hoja – #19
Mzee, shikamoo. Daktari yupo, aliitwa Garnett Cheney, na mwaka ni huo. Ila taarifa yake ilihusu wagonjwa 13 tu, na hapakuwa na kundi la kulinganisha lililokunywa kitu kingine. Vidonda vya tumbo vina tabia ya kufunga vyenyewe na kufunguka tena, kwa hiyo bila kundi la kulinganisha hujui ni kabichi au ni kalenda. Na "vitamini U" si vitamini. Mwili hauugui kwa kuikosa.

Mzee wa Kona – #20
Marahaba. Mimi iliniponya, na mimi si mmoja wa hao 13.

Bwana Hoja – #21
Basi wamekuwa 14, mzee wangu.

Mama Pacha – #22
😂😂 Lita moja ya kabichi mbichi kwa mtu mwenye gesi kama mleta uzi? Mnataka apae?

Kijiko Kimoja – #23
Kwa kuwa mmefika kwenye kupaa, nitoe ushuhuda wangu wa sanamaki.

Choo kilikuwa kimefunga siku tano. Nikaambiwa majani ya sanamaki, kijiko kimoja kwenye kikombe. Nikanywa saa moja usiku. Saa tatu kimya. Saa nne kimya. Nikasema hii imepoa, imekaa sana kwenye kopo. Nikaongeza kikombe cha pili, safari hii vijiko vitatu, nikalala kwa hasira.

Alfajiri nina safari ya basi. Nimekaa kiti cha dirishani, jirani yangu kalala na mizigo miguuni. Saa kumi na mbili na nusu tumbo likaguna mara moja, kwa upole kabisa, kama mtu anayekohoa kabla ya kuhutubia. Sitaeleza yaliyofuata. Nitasema tu kwamba dereva alikuwa mtu mwema, na kwamba jina hili la Kijiko Kimoja nililichagua baada ya siku ile.

Kimya Kingi – #24
Nimecheka hadi nimeamsha nyumba. Lakini umeeleza somo zuri bila kukusudia. Sanamaki haifanyi kazi mfukoni. Inapita hadi utumbo mpana, bakteria wa kule ndio wanaoifungua iwe dawa. Ndiyo maana inachukua saa 6 hadi 12. Saa nne usiku ilikuwa bado iko njiani, wewe ukaitumia wenzake watatu waifuate.

Mzee wa Kona – #25
Sanamaki ni mbaya, ukiizoea utumbo unalala moja kwa moja, neva zinakufa. Ndani panakuwa peusi.

Mfamasia Zamu – #26
Mzee, hapo pana mambo mawili yamechanganyika. Weusi upo kweli: mtu akitumia muda mrefu ukuta wa utumbo mpana unabadilika rangi, kahawia hadi nyeusi. Unaonekana wa kutisha kwenye kamera, lakini hausababishi ugonjwa na hufifia baada ya kuacha. Neva kufa ni hofu ya zamani, na siku hizi ushahidi wake unatiliwa shaka sana kwa dozi za kawaida. Hatari ya uhakika ni mtu kuzidisha kila siku na kupoteza maji na potasiamu. Sanamaki yenyewe imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, si kitu cha kudharau.

Shubiri ndiyo yenye utata zaidi. Ule utomvu wa manjano chini ya ganda la jani unaharisha kwa nguvu, tofauti na ute mweupe wa katikati. Marekani iliondoa dawa za kuharisha zenye shubiri kwenye zile zinazouzwa bila cheti mwaka 2002, watengenezaji hawakuleta ushahidi wa usalama uliotakiwa.

Sasa, mleta uzi, hujaulizwa swali la msingi. Unatumia dawa gani za maumivu?

Jani Bichi – #27
Hakuna... ila goti. Nilianguka, nikapewa diklofenaki. Nameza goti likisumbua.

Mfamasia Zamu – #28
Linasumbua mara ngapi?

Jani Bichi – #29
Kila siku. Kama miezi mitano sasa.

Nesi Mstaafu – #30
Mwanangu! Na asubuhi unaimeza na ile tangawizi, tumbo tupu?

Jani Bichi – #31
Ndiyo. Nilidhani tangawizi itaisindikiza.

Fundi Saa – #32
Imeisindikiza vizuri sana.

Mfamasia Zamu – #33
Diklofenaki, ibuprofeni, aspirini, zote zinapunguza kinga ya ukuta wa tumbo. Pamoja na H. pylori, ndizo sababu mbili kubwa za vidonda vya tumbo. Usishangae kuwa hukuitaja. Ni kama dada wa #14, kila mtu ana kitu anachokimeza ambacho kichwani mwake si dawa. Mwambie aliyekuandikia, mtafute njia nyingine ya goti.

Kimya Kingi – #34
Ila hesabu haikai. Tumbo miezi minane, vidonge miezi mitano. Ile mitatu ya mwanzo nani alikuwa anaunguza?

Fundi Saa – #35
Bakteria. Nimesema tangu #11.

Nesi Mstaafu – #36
Au mlango wa umio uliolegea tangu zamani. Anakula saa ngapi usiku? Anakula na kulala papo hapo? Amenenepa? Hayo hakuna aliyeuliza.

Jani Bichi – #37
Nakula nikirudi kazini saa tano usiku, nalala saa tano na nusu. Na ndiyo, suruali zimebana.

Bwana Hoja – #38
Niongeze maelezo ya nne ambayo hakuna anayeyapenda. Mtu huanza dawa siku ile amezidiwa kabisa. Maradhi ya tumbo yana kupanda na kushuka. Ukianza kitu chochote siku ya kilele, hata maji ya bomba, wiki inayofuata ina nafasi kubwa ya kuwa nafuu. Kwenye majaribio ya utumbo unaosokota, kama theluthi moja au zaidi ya waliopewa kidonge kisicho na kitu ndani walisema wamepata nafuu. Huenda wiki yako ya kwanza haikuwa hata tangawizi.

Mpiga Zumari – #39
Kwa hiyo kwenu kila aliyepona kwa majani alijidanganya. Watu wameishi kwa mizizi hii kabla hamjazaliwa. Kila nikifungua mdomo naambiwa bahati, kalenda, maji ya bomba.

Mfamasia Zamu – #40
Hapana ndugu yangu, hapo hata mimi niko upande wako nusu. Sanamaki inafanya kazi, muulize Kijiko Kimoja. Maganda ya mbegu za ispaghula yanalainisha choo kigumu na hata kukipa umbo choo kilaini, mradi unywe na glasi kubwa ya maji. Ukiyameza makavu yanavimba kooni na yanaweza kukukaba. Uyatenge pia na dawa nyingine kwa saa kadhaa, maana yanazichelewesha. Nguvu zipo. Ndiyo maana nauliza dozi, muda, na nani hafai. Manjano, kwa mfano: watu wanakunywa vijiko na kapsuli zilizochanganywa na pilipili manga ili yafyonzwe zaidi, na zipo ripoti za ini kuumia. Mwenye mawe kwenye nyongo, manjano yanaweza kumwamshia maumivu, maana yanakaza kifuko cha nyongo.

Mpiga Zumari – #41
Nusu naichukua.

Ua la Asubuhi – #42
Samahani kuingilia, mgeni humu. Mtoto wangu ana miezi miwili analia sana jioni, naweza kumpa maji ya shamari na asali kidogo?

Nesi Mstaafu – #43
Karibu. Asali hapana kabisa hadi atimize mwaka mmoja, inaweza kubeba vijidudu vya sumu ambavyo utumbo wake hauwezi kupambana navyo. Na chini ya miezi sita ni maziwa tu, hata maji hahitaji. Mpeleke aangaliwe uzito, kilio cha jioni mara nyingi hutulia chenyewe kuanzia mwezi wa tatu hivi.

Ua la Asubuhi – #44
Asante sana.

Nesi Mstaafu – #45
Na wewe mleta uzi: umewahi kuona choo cheusi kama lami? Kutapika damu, au kitu kama unga wa kahawa? Chakula kukwama ukimeza? Kupungua bila kutaka? Likiwepo hata moja, funga uzi huu uende leo.

Jani Bichi – #46
Hakuna hata moja, namshukuru Mungu. Nimeamua kwenda kupima H. pylori kesho asubuhi. Jana rafiki alinipa omeprazoli, vile vidonge vya kupunguza asidi, nimemeza siku tatu, moto umepungua sana.

Mfamasia Zamu – #47
Jana alikupa, umemeza siku tatu?

Jani Bichi – #48
Juzi kutwa basi, mkuu. Usiku silali, siku zimeungana.

Mfamasia Zamu – #49
Kesho usiende kwa kipimo cha pumzi wala cha choo. Omeprazoli inawapunguza bakteria kiasi kwamba kipimo kinaweza kusema huna wakati unao. Inatakiwa uwe umeiacha wiki mbili, na antibayotiki wiki nne. Kipimo cha damu hakisumbuliwi nayo, lakini kinakuonyesha tu kinga ambazo mwili ulitengeneza dhidi ya bakteria, na hizo hubaki muda mrefu hata baada ya kupona. Kamwone daktari umweleze yote, pamoja na goti.

Fundi Saa – #50
Bakteria kaongezewa wiki mbili za kodi.

Jani Bichi – #51
Sasa hizo wiki mbili nanywa nini jamani, na moto ukirudi?

Mzee wa Kona – #52
Kabichi.

Mpiga Zumari – #53
Tangawizi, ila kipande kidogo kama ukucha, baada ya kula. Nimejifunza.

Nesi Mstaafu – #54
Chakula cha usiku kisogezwe mapema, zipite saa tatu nzima kabla ya kulala, kama kazini wanaruhusu. Inua kitanda upande wa kichwani, si mito mitatu, kitanda chenyewe. Vile vidonge vya kutafuna vya kutuliza asidi mwulize mfamasia.

Mfamasia Zamu – #55
Vya kutafuna ruksa.

Bwana Hoja – #56
Na uandike kila siku: umekula nini, saa ngapi, pameungua wapi. Ukirudi na daftari tutabishana vizuri zaidi.

Jani Bichi – #57
Nimechukua kalamu. Usiku wa leo nimekula saa mbili, hapa ni saa sita, bado sijalala maana nasoma uzi wangu mwenyewe. Moto upo kidogo, upande wa kushoto. Kushoto kuna nini?

Kijiko Kimoja – #58
Nimerudi kukaa pale.